Mwaka Niliokaa kwa Nabwire

Nabwire tumemzika Malaba juzi, kwenye kijishamba chake nyuma ya reli, na watoto wake walinitaka niseme neno. Nilisimama na mkongojo wangu mbele ya turubai, nikasema kwamba marehemu tulijuana tungali wasichana, kwamba hakuna aliyekausha samaki kama yeye, kwamba alikuwa mtu wa neno lake. Watu wakasema amina, nikakaa. Baadaye, watu walipokuwa wamejipanga kungojea wali, binti yake wa mwisho alikuja akaketi kando yangu. "Mwalimu," akaniuliza, "nyinyi mlijuana wapi hasa? Mama alikuwa anasema tu, kule ziwani, halafu ananyamaza. Hata baba hivyo hivyo." Nilimtazama, nikaona ana paji la uso la baba yake. Nikamwambia mambo yale hayasemwi mtu akiwa na sahani mkononi, nitamwandikia. Sasa nimerudi nyumbani kwangu Nambale, mvua inanyesha, sina wa kuzungumza naye, na ninaandika. Habari za kwetu na za shule nilizosoma nitaziacha. Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, siku zile za mwanzo wa Uhuru, nilipopelekwa kufundisha Sio Port.

Mimi ni Mteso wa Malaba, na kabla ya mwaka ule sikuwa nimeona maji yoyote makubwa kuliko mto wetu unapofurika. Nilifika Busia kwa basi, na kutoka Busia nikapandishwa mbele ya lori la samaki lililokuwa likirudi tupu. Lilinuka hata nikafunga pua kwa leso. Dereva akanicheka. "Utazoea, dada," akasema. "Ukishazoea, wewe hutasikia tena. Ni watu watakuwa wanakuambia." Tukashuka, tukashuka, vilima vya Samia vikabaki nyuma, na ghafla barabara ikaishia majini. Hivyo ndivyo nilivyouona mji ule: barabara moja inayoteremka kama mtu aliyekuwa akienda mahali kisha akasahau. Juu kulikuwa na kanisa la misheni na shule. Katikati kulikuwa na maduka mawili ya Wahindi, yanayotazamana, na kibanda cha mtu wa forodha chenye bendera mpya. Chini kulikuwa na banda la mabati la kupimia samaki, mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, nyavu zilizoanikwa juu ya miti, halafu ziwa. Mvua za miaka ile zilikuwa zimelipandisha. Nyumba za mstari wa chini zilisimama ndani ya maji, milango wazi, bata wakiingia na kutoka. Watu walikuwa wakinyoosha kidole kwenye maji matupu na kuniambia, "Pale ndipo palikuwa soko. Pale ndipo palikuwa kwa fundi cherehani." Walisema bila uchungu, kama mtu anayekuonyesha shamba la jirani.

Nyumba ya mwalimu nayo ilikuwa imeingiwa na maji. Mwalimu mkuu akanitafutia chumba kwa mvuvi mmoja aliyeitwa Wandera, aliyekuwa amejenga juu kidogo, mahali ambapo ziwa halingefika. Chumba changu kilikuwa cha nyuma. Kitanda cha kamba, ukuta wa udongo uliosiribwa vizuri kwa samadi na majivu, dirisha dogo la kutazama ziwa, na juu ya kichwa changu, kwenye boriti, nyavu za zamani zilizokunjwa kama mablanketi ya jitu. Wandera alikuwa na mke, Nabwire, aliyemwoa mwaka uliotangulia na bado hawakuwa na mtoto. Mama yake Wandera, bibi Taaka, alikaa nyumba ya pili katika boma lile lile, na ndugu yake mdogo, Bwire, alikaa ng'ambo ya ua pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Mimi nilikuwa sijui neno moja la Kisamia. Darasani watoto walinicheka nilipotamka majina yao. Sokoni wanawake waliniuzia ndizi za watu wa Marachi wakiniangalia midomo, kama kwamba Kiswahili changu kingewaruka. Jioni nilikaa chumbani, na kupitia ukuta nilimsikia Wandera akisema jambo, Nabwire akicheka, Wandera akiongeza, Nabwire akicheka tena hadi akikohoa. Nimekaa peke yangu sehemu nyingi tangu siku ile. Nimekuwa mjane miaka mingi. Lakini sijapata upweke wa kuzidi ule wa kuwasikia watu wawili wakicheka kwa lugha nisiyoijua, ukuta mmoja tu katikati yetu.

Shida yangu nyingine ilikuwa chakula. Kwetu tunakula kunde zilizosagiwa simsim, tunakula kuku, tunakula nyama ikipatikana. Samaki sikumweza. Nabwire aliniletea ngege wa mchuzi na ugali wa muhogo na mtama, nami nikala ugali kwa chumvi, nikamrudishia samaki vile alivyokuja, na jicho lake. Siku ya tatu Wandera alisimama mlangoni. Alikuwa mrefu, mwenye kupiga mluzi kila alipotembea, hata ungejua amefika wapi kabla hujamwona. "Mwalimu," akasema, "huyu samaki amekukosea nini?"

"Sijamzoea, ndugu yangu."

"Basi mwambie pole pole. Yeye pia hajakuzoea."

Nabwire akacheka nyuma yake, na kwa mara ya kwanza nikaelewa wanachocheka, nikacheka pia. Hayo ndiyo maneno marefu zaidi niliyowahi kuzungumza na Wandera kabla ya ziwa kumchukua.

Tufani ilikuja mchana, nikiwa darasani. Upande wa Uganda mbingu iligeuka rangi ya chungu, na watoto, ambao walikuwa wakiimba, wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Watoto wa wavuvi wanajua. Mmoja akasimama bila ruhusa akaenda dirishani, na wengine wakamfuata, na mimi sikuwazuia. Upepo ulipiga mabati, mvua ikaanguka kwa upande, na ziwa likawa halionekani. Wandera na mwenzake Egesa walikuwa wamekwenda kuvuta nyavu zao mbali, karibu na maji ya Majanji, upande wa Uganda. Mitumbwi mingine ilirudi jioni ile, mmoja mmoja, watu wakitetemeka. Wao hawakurudi. Walitafutwa siku nyingi. Egesa alipatikana kwenye mafunjo, akaletwa, akazikwa, mkewe akiwa na mimba. Upande mmoja wa mtumbwi ulipatikana pia. Wandera hakupatikana. Bibi Taaka alikaa ufukoni tangu asubuhi hadi jua kuzama, miguu imenyooshwa mbele, mikono juu ya magoti, na wanawake walikaa naye kwa zamu. Nabwire hakukaa. Yeye aliendelea kukausha samaki. Watu walilisema hilo.

Pale ziwani kulikuwa na desturi. Mtu akipotea majini na mwili usionekane, nyumba haiwezi kukaa hivyo hivyo, mlango wazi. Wazee huenda kutafuta tunda la mwegea, lile refu zito ambalo Wajaluo huliita yago, wakalivika shuka, wakalilia, wakalizika mahali pa yule mtu. Nililiona tunda lile likibebwa na watu wanne, ingawa mmoja angeliweza, kwa sababu ndivyo maiti inavyobebwa. Bibi Taaka alilia kilio ambacho sijakisikia tena, na alimwita kwa majina yote aliyompa tangu utotoni. Kaburi lilichimbwa mbele ya nyumba tuliyokaa, upande wa kulia. Watu wakatupa udongo. Ilipofika zamu ya mke, Nabwire alisimama, mikono imefungwa nyuma.

"Tupa, mama," mzee mmoja akamwambia.

"Mimi sikuolewa na tunda," Nabwire akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Baadaye nilimuuliza kwa nini, akaniambia hakujua, labda kwa Kisamia asingeweza kulitamka. Wazee wakanung'unika, bibi Taaka akamtazama kama mtu aliyemtemea mate, na udongo ukatupwa na wengine. Nabwire hakunyoa nywele kama wajane wanavyofanya. Tangu siku ile wanawake wa tanuri la samaki, waliokuwa wakikaa pamoja chini ya kibanda kimoja, wakigeuza samaki na kusengenya, walianza kuhamisha viti vyao. Hawakumtukana. Walikuwa wakisalimia. Walihamisha viti tu.

Basi tukawa wawili tusio na watu. Mimi mgeni, yeye mwenyeji aliyegeuzwa mgeni. Alijenga tanuri lake dogo nyuma ya nyumba, na nikitoka shule nilimsaidia kupasua kuni. Alinifundisha Kisamia kwa kunionyesha vitu: moto, moshi, wavu, kisu, mkia. Nilimfundisha kuandika jina lake kwa kijiti kwenye majivu. Na hapo, sijui siku gani, nilianza kula samaki, kwa sababu tulikuwa tukila sahani moja na ilikuwa aibu kumwachia mwenzangu kitoweo chote kana kwamba nimemtenga pia. Alikuwa akinitolea miiba kwa vidole vyake mwenyewe. Hatukuzungumza mengi. Kuna siku tulikula tangu mwanzo hadi mwisho bila neno, tukisikiliza ng'ambo ya ua watoto wa Bwire wakigombania ukoko. Nikiwaza sasa, nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani kujua kwamba watu wawili wanaweza kukaa pamoja, na kila mmoja akawa peke yake, na bado ikawa afadhali.

Bwire hakuwa mtu mbaya, nataka watoto wa Nabwire wajue hilo, maana ni baba yao mdogo. Desturi ilimtaka amchukue mke wa ndugu yake, na mama yake alimsukuma kila siku. Alikuja akasimama uani, kofia mkononi, akizungumza na Nabwire kwa heshima, nami nikiwa ndani nimekwisha kujua lugha kiasi cha kufuata. "Shemeji, sikuharakishi," alisema. "Lakini mvua zinapita. Paa hili linataka mtu." Nabwire akajibu, "Paa halivuji." Ikapita miezi. Paa likaanza kuvuja. Bwire akalitengeneza bila kuombwa, akashuka, akaenda zake. Siku hiyo Nabwire alilitazama lile paa mpaka chakula kikapoa.

Halafu ikawa Jumamosi moja, alasiri. Nabwire alikuwa nyuma kwenye tanuri, mimi nimekaa barazani nikisahihisha madaftari ya watoto. Nikasikia miguu ya watoto waliokuwa wakicheza barabarani ikitimua mbio. Nikainua macho. Mwanamume mwembamba mwenye ndevu, ameegemea gongo, alikuwa amesimama uani akilitazama lile tuta la kaburi na msalaba wake wa mbao. Alikuwa ametoka upande wa barabara ya Busia. Miezi yote ile jicho letu lilikuwa ziwani, na yeye akaja kutoka nyuma, kwa nchi kavu. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Mwalimu," akasema, "nani amekufa hapa kwangu?"

Niliyaweka madaftari chini, nikasimama. Yeye akangoja kwa adabu, kama mtu aliyefika matangani.

"Ni mama?" akauliza. "Mwalimu, niambie tu. Ni mama?"

"Mama yako mzima," nikasema.

"Sasa nani?"

Sikuwa na njia nyingine. "Ni wewe, Wandera," nikamwambia. "Ulizikwa wewe."

Akautazama tena msalaba. Alianza kucheka, kicheko kikamkatika katikati, akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Nabwire akatokea kona ya nyumba, pengine alikuwa amesikia ile sauti. Alimwona. Akasimama kidogo, kisha akageuka akarudi kwenye tanuri. Nilidhani anakimbia, nikamfuata. Alikuwa akigeuza samaki, mmoja baada ya mwingine, wote mpaka wa mwisho. Akanawa. Akajifuta kwa kanga. Ndipo akaenda mbele, akapiga magoti mbele ya mumewe, akamuuliza, "Umekula?"

"Bado," Wandera akasema.

"Ingia ndani, basi."

Lakini watoto walikuwa wamekwisha kueneza habari, na bibi Taaka alikuwa amefika penye ua, amekuja mbio bila viatu. Wandera aliinuka kwa gongo lake. "Mama," akasema, "ni mimi." Yule mama alimtazama tangu kichwa hadi mguu uliopinda. Kisha akasema, polepole, nami nikaelewa kila neno, "Mwanangu nilimzika. Nilimlilia machozi yakaisha. Wewe sikujui." Akaondoka. Lakini nilimwona: hatua za kwanza alikwenda kinyumenyume, hakuweza kumpa mgongo.

Alitusimulia akila. Mtumbwi ulivunjika, wakashika ubao yeye na Egesa, mpaka Egesa akaachia. Yeye akatupwa kwenye kisiwa cha wavuvi upande wa Uganda, mguu umevunjika, kisha homa. Mzee mmoja wa huko alimfunga mguu kwa vijiti na kumlisha kama mtoto. Alituma salamu kwa mfanyabiashara aliyekuwa akielekea Majanji, akatuma tena kwa mwingine. "Nilifikiri mmejua," akasema. "Nilikuwa nakasirika. Nilisema, hawa watu, hata mmoja wa kuja kuniona hakuna?" Nabwire alikuwa akimsikiliza akilitazama sinia. Siku iliyofuata, tukiwa kwenye kuni, aliniegemea akalia, na nilipomwambia afurahi, mume amerudi, alitikisa kichwa. "Hujui," akasema. "Ile siku paa ilitengenezwa, mimi nilikata shauri. Nilikuwa nimpe Bwire jibu leo hii Jumapili. Dada, nilikuwa nimechoka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemzika."

Wazee walikuja wakakaa. Kondoo alichinjwa, maji ya dawa yakanyunyizwa mlangoni, na Wandera akazungushwa nyumba, ili arudishwe kwa walio hai. Alitaka kaburi lifukuliwe na lile tunda litupwe, wakamkatalia: ardhi ikishapewa kitu, hainyang'anywi. Pengine mambo yangetulia. Lakini surua iliingia mjini mwezi ule ule. Iliingia kwangu darasani, nikawa nahesabu viti vitupu, na ikaingia ng'ambo ya ua. Mtoto mdogo wa Bwire akafa. Hakuna aliyesema kwa sauti. Hawakuhitaji. Ardhi ilikuwa imefunguliwa kwa jina la boma lile ikapewa tunda, na sasa imekuja kuchukua haki yake. Ndivyo walivyofikiri, na nyuso zao zilisema. Wandera alipokwenda ufukoni kutafuta mtumbwi, kila mtumbwi ulikuwa umejaa watu. Alipokaa kanisani, benchi lilibaki lake. Mjane wa Egesa, amembeba mtoto mchanga mgongoni, alikuwa akivuka barabara ili asikutane naye. Yeye sikumlaumu hata siku moja. Bwire naye alikuja, kofia mkononi kama zamani.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi sikufukuzi. Hii ni kwako. Lakini mama ya watoto anaogopa hata kuteka maji kama wewe uko pale. Nifanye nini?"

"Hata mimi sijui, Bwire," Wandera akamjibu. Wakakaa pamoja, kaka na mdogo wake, wote wawili wakilitazama ziwa.

Aliacha kupiga mluzi. Nilikuwa nikimkosa masikioni, kama saa ya ukutani iliyosimama. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Mtu akizikwa, si lazima awe amekufa?" Nikamwambia si lazima. Akafikiri. "Wewe ni mmoja," akasema, "na wao ni wengi." Nilikuwa na miaka kama ishirini na cheti cha ualimu. Mpaka leo nikiwa peke yangu ninajaribu majibu, na hakuna hata moja ambalo lingefaa.

Kilichoamua mambo ni jambo dogo. Tulirudi kutoka sokoni, Nabwire na mimi, tukamkuta Wandera amechuchumaa juu ya lile tuta akiling'olea magugu. Aliyapanga kando vizuri. Alikuwa amekwisha kunyoosha msalaba uliokuwa umelala upande.

"Unafanya nini?" Nabwire akamuuliza.

"Nasafisha," akasema, bila kuinua kichwa. "Si vizuri likae hivi. Ni la mtu."

Nabwire akatua kikapu. Akanishika mkono akanivuta hadi nyuma ya nyumba, na uso wake ulikuwa kama siku ya mazishi. "Tunaondoka," akaniambia. "Hao watu nilikuwa nawaweza. Lakini sasa yeye mwenyewe ameanza kukubali." Akaniuliza, kwetu Malaba pakoje. Nikamwambia kuna reli, kuna maghala, malori yanapita kwenda Uganda na kurudi, watu wa kila kabila wanakuja kutafuta kazi, na mjomba wangu ni mtu wa reli, anaweza kumtafutia Wandera kazi ya ulinzi hata na mguu ule.

"Na huko hakuna mtu anajua kama alizikwa?"

"Huko hakuna mtu anajua hata kama alizaliwa," nikasema.

Alicheka. Kicheko chake cha zamani, kile cha kukohoa, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu nyuma ya ukuta. Ndipo nilipoelewa kwamba ninampeleka mbali rafiki pekee niliyekuwa naye katika mji ule, kwa mikono yangu, na kwamba siwezi kufanya vinginevyo.

Waliondoka asubuhi kwa lori la samaki, yeye na mumewe wamekaa juu ya makapu, Nabwire amefunga masufuria kwa kanga. Bwire alibeba mizigo. Watu walitoka milangoni wakatazama, na mmoja au wawili wakapunga mkono. Mlango wa bibi Taaka ulikuwa umefungwa. Lori likapanda mlima, nami nikaenda shule, nikafundisha majina ya maziwa. Ya baadaye watoto wao wanayajua: Wandera alilinda maghala mpaka nywele zikawa nyeupe, walizaa, wakanunua kile kijishamba, na alipofariki kwa ugonjwa wa kifua alizikwa pale na pasta aliyemjua kama mzee Wandera wa reli. Bwire alikuja mazishini peke yake. Alisimama kupita kiasi mbele ya jeneza lililo wazi, mpaka watu wakaanza kugeuka kutazama. Wao walidhani ni uchungu tu.

Mimi nilibaki Sio Port mpaka mwisho wa mwaka. Nyumba waliniachia, na ilikuwa kubwa kwangu. Nilipika kidogo, nikala kidogo, nikakaa barazani nikitazama wavuvi wakirudi na ndege wakiwafuata. Nilikuwa nimezoea ile harufu, kweli sikuisikia tena. Siku chache baada ya lori lile, nikiwa jikoni, nilisikia mtu akijikohoza nje. Alikuwa bibi Taaka. Hakuwa amekanyaga baraza ile tangu mwanawe arudi. Nikamtolea kigoda, akakaa karibu na mlango, mgongo ukutani, macho yake kwenye moto wangu. Nikaongeza ukuni.

"Mwalimu," akasema, "ule mguu. Alikuwa anaukanyagia?"

"Anaukanyagia, mama. Anachechemea kidogo."

"Unauma, wakati wa baridi?"

"Hakuwahi kusema."

"Hasemi," akasema. "Na chakula, alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula, mama."

"Anakula nini?"

"Ngege. Na ugali wa muhogo. Nabwire alikuwa akimpikia vizuri."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Machozi hayakutoka, alikuwa ameshasema mwenyewe kwamba yaliisha. "Tangu mdogo kichwa cha samaki alikuwa hataki," akasema. "Anasema kinamwangalia. Mimi ndiye nilikuwa namlia hicho kichwa."

Sufuria ilikuwa mekoni, na ndani samaki mmoja, mkubwa kuliko haja yangu. Nikaipua. Nikamnawisha mikono, nikaweka sinia katikati yetu. Bibi Taaka akakichukua kile kichwa, akakila polepole, akifyonza kila mfupa, na mimi nikala kilichobaki.